Kompyuta 24 na vitabu 18,000: namna ya kupima utayari wa maktaba ya chuo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkutubi katika chuo kikuu kishiriki hapa Iringa. Maktaba yetu ina vitabu takriban 18,000 na kompyuta 24, ambazo 17 kati yake ndizo zinazofanya kazi. Miaka miwili iliyopita tulifunga Koha, programu ya kuendeshea maktaba, na hadi sasa tumeingiza kama 6,000, lakini kaunta bado tunaazimisha kwa daftari. Uongozi umenitaka, ndani ya wiki 5, niwasilishe taarifa inayosema maktaba iko tayari kwa asilimia ngapi kuhamia kwenye huduma za kidijitali. Nimeandaa dodoso la wanafunzi, ila sina uhakika kama linatosha. Pia wapo wafadhili wanaotaka kutupatia kompyuta 40 zilizotumika. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, na kamwene kwako huko Iringa. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu ndilo swali ambalo kila mkutubi wa vyuo vyetu vya Nyanda za Juu Kusini ataulizwa katika miaka hii, na wengi huanza kulijibu kwa kuhesabu mashine. Mimi mwenyewe nilianza hivyo hapa Mbeya, nikaandika taarifa nzuri yenye majedwali, na mwaka uliofuata wanafunzi wakawa bado wanapanga foleni kaunta kuuliza kama kitabu fulani kipo.

Tuanze na hilo neno asilimia. Maktaba haiwi tayari kwa asilimia kadhaa kwa ujumla wake, kwa kuwa hakuna msomaji anayefika kaunta kuomba "dijitali". Msomaji huja na haja yake: anataka kujua, akiwa bwenini saa tatu usiku na simu yake, kama kitabu alichoagizwa na mhadhiri kipo, anataka kuazima bila kuandikwa kwenye daftari, anataka makala ya jarida lililotoka mwaka huu, anataka kusoma tasnifu iliyoandikwa chuoni hapo miaka 6 iliyopita ili asirudie mada ile ile. Kila haja kati ya hizo ina mahitaji yake, na maktaba moja inaweza kuwa tayari kabisa kwa ya tatu huku haijakaribia ya kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo wewe na uongozi mnapaswa kukubaliana ni utayari kwa huduma ipi, na kwa maoni yangu msichague zaidi ya 4.

Zaidi ya hapo, wastani huficha jambo lile lile unalolitafuta. Tuseme umejipa alama 90 kwa vifaa, 80 kwa mtandao, 70 kwa wafanyakazi na 20 kwa rekodi za vitabu. Wastani wake ni 65, na kikao kitauona kuwa ni ufaulu wa kuridhisha. Mwanafunzi anayetafuta kitabu hakutani na huo wastani. Anakutana na ile 20, kwa sababu kompyuta inawaka, mtandao upo, mkutubi ni mwema, lakini vitabu 8 kati ya 10 anavyovitafuta havimo kwenye mfumo. Akishindwa mara 2 au 3 harudi tena kwenye ile kompyuta. Huduma hizi zimefungamana kama mnyororo, na alama ya mnyororo ni alama ya pete iliyo dhaifu kuliko zote. Kama uongozi utasisitiza upewe namba moja, basi kwa kila huduma waandikie alama ya chini kabisa, na pembeni yake utaje ni pete ipi iliyoleta alama hiyo.

Njia ninayoiamini ni kufuata ombi moja la kweli kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiwa umekaa pembeni na saa mkononi. Nikupe mfano uliobadilisha fikra zangu. Nilikaa nyuma ya mwanafunzi wa ualimu wa mwaka wa pili katika maktaba moja ya hapa Mbeya, nikamwomba atafute kitabu alichokuwa anakihitaji siku hiyo. Alikuwa amepiga picha ubao wa darasani kwa simu, na jina la kitabu, "Educational Psychology", likaonekana vizuri kwa mwandiko wa mhadhiri wake. Akaliandika kwa uangalifu, herufi kwa herufi, akitazama simu kisha kibodi. Mfumo ukamjibu kuwa hakuna. Akajaribu tena, akapata hakuna, akasimama aondoke. Nakala 5 za kitabu hicho zilikuwa kwenye rafu hatua chache nyuma yetu, zikiwa na lebo na muhuri. Tulipoifungua rekodi tukakuta aliyeiingiza ameandika "Phycology", ambalo ni neno halali kabisa, ila maana yake ni elimu ya mwani. Hakuna dodoso ambalo lingelifichua kosa hilo, na hakuna kompyuta mpya ambayo ingelirekebisha.

Fanya zoezi hilo kwa wanafunzi 12 hivi, wa mwaka wa kwanza na wa mwisho, wa kike na wa kiume, wenye simu janja nzuri na wenye simu zilizochakaa, pamoja na wahadhiri 3 au 4. Usiwafundishe wala usiwasaidie wakikwama. Andika tu walikwama wapi na baada ya dakika ngapi. Ukifika mtu wa 8 utaanza kuona vikwazo vile vile vikijirudia, na hiyo ni dalili kwamba umeshapata sehemu kubwa ya ulichokuwa unakitafuta.

Hatua inayofuata ni kuipima orodha yenyewe, na hapa nakuomba utulie, kwa sababu huduma nyingine karibu zote zinasimama juu yake. Umesema mmeingiza "kama 6,000". Je, ni rekodi 6,000 au ni nakala 6,000? Koha hutofautisha mambo hayo mawili: kitabu chenye nakala 10 ni rekodi moja yenye nakala 10 chini yake. Kama waingizaji wenu hawakulielewa hilo, inawezekana mna kitabu kimoja kilichoingizwa mara 10 kama vitabu tofauti, na namba yenu inaonekana kubwa kuliko hali halisi. Chapisha ripoti ya majina ya vitabu yanayojirudia uone.

Kisha ingia kwenye rafu. Kama una rafu 200, chukua rafu moja katika kila rafu 2, na katika kila rafu uliyoichukua chomoa kitabu cha 7 kutoka kushoto, hata kama ni kidogo, kimechanika au hukipendi. Utakuwa na vitabu 100 visivyochaguliwa kwa upendeleo. Kila kimoja kitafute kwenye mfumo ukiwa kama mwanafunzi, kwa jina la kitabu tu, uandike kimepatikana au la, na kama kimepatikana, je, namba ya rafu iliyoandikwa ndiyo ile iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu? Halafu geuza zoezi: chagua rekodi 100 kutoka kwenye mfumo kwa utaratibu kama huo, uende rafuni kuvitafuta vitabu vyenyewe. Zoezi la kwanza linakuonyesha vitabu ambavyo mfumo hauvijui, na la pili linakuonyesha vitabu ambavyo mfumo unavijua ila vimepotea au vimewekwa pasipo pake. Mara nyingi la pili ndilo linalouma zaidi. Sampuli ya 100 hukupa jibu linaloweza kupishana na hali halisi kwa takriban asilimia 10 kila upande. Ukipata nguvu ya kufikia 400, tofauti hiyo hushuka hadi takriban 5. Kwa taarifa yako ya wiki 5, 100 zinatosha, mradi uandike wazi jinsi ulivyozichagua.

Kutokana na hapo unaweza kuiambia menejimenti kiasi cha kazi iliyobaki kwa lugha wanayoielewa. Chukulia nakala 12,000 bado, na mtu mmoja aliyefundishwa vizuri anaingiza 60 kwa siku, zikiwemo kubandika bakodi na lebo. Hizo ni siku 200 za kazi, yaani miezi 10. Watu wawili, miezi 5. Kasi hiyo inawezekana kwa sababu rekodi nyingi hazina haja ya kuandikwa upya: Koha inaweza kuzivuta kutoka maktaba nyingine kwa itifaki ya Z39.50, yaani utaratibu wa mifumo ya maktaba kubadilishana rekodi, ikiwemo Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ina ofisi Nairobi inayokusanya machapisho ya ukanda wetu, hivyo hata baadhi ya vitabu vya Kiswahili utavikuta. Vitakavyokulazimisha kukaa na kalamu ni ripoti za miradi, vijitabu vya makanisa na halmashauri, na tasnifu zenu. Usianze kwa mpangilio wa rafu. Lile daftari la kaunta unaloliona kama aibu ndiyo taarifa bora kuliko zote ulizonazo: pitia miezi 12 iliyopita, orodhesha vitabu vilivyoazimwa mara nyingi zaidi, uingize hivyo kwanza. Katika maktaba nilizofanya kazi, sehemu kubwa ya maombi ya kila siku huangukia kwenye vitabu vichache vinavyojulikana, na wanafunzi huanza kuuamini mfumo muda mrefu kabla kazi yote haijakwisha.

Kuhusu mtandao, usikubali namba iliyoandikwa kwenye mkataba. Pima mwenyewe asubuhi kabla wanafunzi hawajafika, pima saa 5, na pima saa 2 usiku, kwa siku 5 mfululizo. Hesabu yake ni rahisi na ni vizuri uiweke kwenye taarifa. Tuseme chuo kina njia ya megabiti 20 kwa sekunde na watu 300 wanaitumia kwa wakati mmoja. Kila mmoja anabakiwa na takriban kilobiti 67. Makala ya PDF yenye megabaiti 2 ni megabiti 16, kwa hiyo itachukua kama dakika 4 kushuka, nayo ni makala moja, na ikikatika njiani anaanza upya. Mwanafunzi mwenye bando lake atazima mtandao wa chuo, na ambaye hana ataacha. Ndiyo maana nasisitiza kwamba katika vyuo vyetu seva ya Koha na hazina ya tasnifu vifikike ndani ya mtandao wa chuo bila kupitia intaneti ya nje. Siku njia ya nje inapokatika, mwanafunzi aliye ndani ya uzio aendelee kutafuta kitabu na kusoma tasnifu kama kawaida. Kwa maarifa ya jumla ipo pia programu ya Kiwix, inayowezesha nakala nzima ya Wikipedia kusomwa kutoka kwenye seva ya ndani bila bando hata kidogo.

Umeme sitauzungumzia kwa kirefu kwa kuwa unaujua, isipokuwa kwa jambo la radi, ambalo wageni wanaotushauri kutoka mbali hulisahau. Kati ya Novemba na Aprili sisi huku juu tunaishi na radi, na waya wa shaba unaounganisha jengo la maktaba na jengo la utawala ni njia nyepesi ya kuifikisha kwenye seva. Kebo ya nyuzi za kioo haipitishi umeme, na kwa sababu hiyo pekee inastahili gharama yake kati ya jengo na jengo. Angalia pia umri wa betri za UPS, vile vifaa vinavyoshikilia mashine umeme unapokatika: kwa kawaida huchoka ndani ya miaka 3 hadi 5, zikabaki zikiwasha taa ya kijani bila uwezo wa kubeba mashine hata dakika moja. Zijaribu kwa kuchomoa waya ukutani, baada ya kufunga kazi zote vizuri.

Hapo ndipo nilipojifunza kwa machungu. Chuo kimoja cha kanda hii kiliniita mwezi wa Februari, siku mbili baada ya mvua kubwa. Seva ilikuwa imeungua. Kijana wa TEHAMA alinihakikishia, naye alikuwa mkweli, kwamba nakala rudufu ilichukuliwa kila usiku bila kukosa hata siku moja. Ila ilikuwa ikiandikwa kwenye diski ile ile iliyokuwa ndani ya seva ile ile. Kazi ya miaka mitatu ya wanawake wawili waliokuwa wakiingiza vitabu tangu asubuhi hadi jioni ilikuwa imekwenda. Kilichotuokoa ni daftari la usajili wa vitabu, lile kubwa lenye jalada gumu, ambalo mmoja wao aliendelea kulijaza kwa mkono ingawa alikuwa ameambiwa halihitajiki tena. Tulilifungua juu ya meza tukaanza upya kutoka namba 1. Tangu siku hiyo, ninapopima utayari wa maktaba yoyote, siulizi kama nakala rudufu ipo. Naomba irejeshwe mbele yangu kwenye kompyuta nyingine, tuione orodha ikifunguka. Ziwepo nakala 3, katika vyombo 2 vya aina tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Isiporejeshwa mbele yako, andika sifuri.

Sasa kuhusu dodoso lako. Usilitupe, lakini ulielewe linapima nini. Wataalamu wa Marekani walioanzisha vipimo vya aina hii, kama Fred Davis mwaka 1989, aliyeangalia kama mtu anaiona teknolojia kuwa na manufaa na kuwa rahisi kutumia, na Parasuraman mwaka 2000, aliyeongeza matumaini na upenzi wa mambo mapya kwa upande mmoja, ugumu na mashaka kwa upande mwingine, walikuwa wanapima mtazamo wa mtu. Mtazamo una uzito wake: mkutubi anayeamini kwamba mfumo umeletwa kumwondoa kazini atatafuta kila sababu ya kurudi kwenye daftari. Lakini ukimuuliza mwanafunzi "Je, una ujuzi wa kutafuta taarifa mtandaoni?" atajibu ndiyo, naye hadanganyi, kwa sababu kila siku anatafuta vitu kwenye simu yake. Mpe kazi badala ya swali: atafute makala moja iliyopitiwa na wataalamu, iliyotoka ndani ya miaka 5, kuhusu kilimo cha viazi mviringo au mada yoyote ya kozi yake, na aihifadhi. Weka jibu la dodoso na matokeo ya kazi kwenye ukurasa mmoja. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo mpango wako wa mafunzo.

Wafanyakazi nao wapimwe vivyo hivyo, kwa heshima na faraghani, wala majina yao yasiingie kwenye taarifa. Nani anaweza kuingiza rekodi mpya yenye mwandishi, toleo, mwaka na mada bila kusaidiwa? Nani anaweza kutoa ripoti ya vitabu vilivyochelewa? Na swali ninalolitanguliza kila ninapokwenda: nenosiri la msimamizi wa Koha analo nani, na akihama kesho atalipata nani? Nimekuta zaidi ya mara moja mfumo mzima wa maktaba umeshikiliwa na kijana mmoja wa mkataba ambaye ndiye aliyeufunga, anayeelewa kila kitu, na ambaye hakuna aliyemwomba aandike hata ukurasa mmoja. Koha ilitengenezwa New Zealand, ikaanza kutumika mwaka 2000, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ni kweli hailipiwi leseni. Kuihudumia kunahitaji mtu anayejua Linux (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta), muda wake na mshahara wake, na kama fungu hilo halimo kwenye bajeti, basi chuo hakijawa tayari kuwa na Koha, hata kama imeshafungwa.

Upande wa majarida ya kielektroniki unaweza kuwa mbele kuliko unavyodhani. Kupitia Research4Life, mpango wa kimataifa wa kuzifikishia nchi zinazoendelea machapisho ya kitaaluma, ambao unajumuisha Hinari kwa afya, AGORA kwa kilimo, OARE kwa mazingira, ARDI kwa ubunifu na teknolojia na GOALI kwa sheria, taasisi za nchi zilizo katika kundi la kwanza la mpango huo, Tanzania ikiwa mojawapo, hupata machapisho bila malipo zikishajisajili. Upo pia muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini, COTUL, ambamo wanachama huchangia gharama za kile ambacho chuo kimoja kisingeweza kukilipia peke yake. Kwa hiyo usiulize kama mnapata majarida. Waombe wahadhiri 5 kila mmoja akupe makala 2 ambazo angependa wanafunzi wake wazisome muhula huu, kisha ujaribu kuzifikia zote 10 ukitumia simu, nje ya ofisi yako, kwa njia ile ile anayoitumia mwanafunzi. Kikwazo kikubwa nilichokutana nacho ni nenosiri la taasisi kubaki kwenye kikaratasi ndani ya droo ya mkuu wa maktaba, akihofia litasambaa. Hofu hiyo naielewa, lakini huduma isiyomfikia mwanafunzi ihesabiwe kuwa haipo.

Tasnifu ni mradi wa pekee, na nashauri uzitenganishe za zamani na zinazokuja. Kwa za zamani, tuseme mna 1,500 zenye kurasa 80 kwa wastani: ni kurasa 120,000, na mtu mmoja akiskani kurasa 1,000 kwa siku, kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi ili maandishi yaweze kutambuliwa na kutafutwa, ni siku 120 za kazi. Kwa zinazokuja, hakuna haja ya kuskani hata ukurasa mmoja. Seneti ipitishe kwamba kila mhitimu akabidhi faili la PDF pamoja na nakala iliyojalidiwa, akiambatisha fomu ya ridhaa iliyotiwa saini, kwa sababu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na mwandishi ana haki juu ya kazi yake. Kipimo cha utayari hapa si skana wala DSpace, programu ya kuhifadhi na kuonyesha tasnifu mtandaoni. Ni kama fomu hiyo ipo, na kama kuna mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuyapokea mafaili. Katika mlango huo huo wa sheria, kumbuka kwamba orodha ya nani aliazima nini ni taarifa binafsi, na tangu mwaka 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika. Kompyuta ya kaunta isiwe wazi kwa kila anayepita.

Taarifa yenyewe isizidi kurasa 6. Kwa kila huduma kati ya zile 4 andika aya tatu: nini kinawezekana leo, nini kitawezekana kwa kubadili utaratibu bila kuongezewa fedha, na nini hakiwezekani bila fedha, ukitaja kiasi. Ile aya ya katikati ndiyo itakayokupa sauti mbele ya kikao, kwa kuwa wakubwa wamezoea kupokea maombi ya ununuzi, na mkutubi anayefika akisema "haya matano tumeshaanza kuyatekeleza wenyewe" husikilizwa tofauti. Ambatisha ile orodha ya vitabu 100 pamoja na tarehe. Mwakani mwezi huo huo rudia zoezi lile lile kwa vitabu vingine 100, nawe utakuwa na kitu cha kulinganisha.

Limebaki suala la kompyuta 40. Kabla hujajibu barua ya wafadhili, waulize zilitengenezwa mwaka gani na zinatumia mfumo gani, kwa sababu Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo linalofuata. Zinaweza kutumia Linux, nayo inatosha kabisa kwa kutafuta vitabu na kusoma makala, mradi fundi wenu awe tayari kuzifunga moja moja. Halafu mwite fundi umeme. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake huweza kula wati 150. 40 zikiwaka pamoja ni kilowati 6, sawa na pasi 5 au 6 za umeme kwenye chumba kimoja, na nyaya za majengo yetu mengi hazikutandazwa kwa mzigo huo. Wewe umeniambia mna kompyuta 7 zilizokufa tayari, maana yake hata za sasa hazina anayezihudumia. Ningekuwa mimi, ningewashukuru kwa dhati, ningepokea 12 zilizo na hali nzuri, na ningewaomba kwamba gharama ya kusafirisha zile 28 nyingine igeuzwe kuwa visoma bakodi 2, karatasi za lebo za vitabu 18,000, betri mpya za UPS, diski 2 za nje za nakala rudufu, na posho ya vijana wawili wa kuingiza rekodi kwa miezi 5. Waandikie hivyo, uambatishe na hesabu ya zile siku 200.